Niuze mkufu nilipie nyumba ya Birmingham ambayo hakuna aliyeiona?

Assalaam alaykum, Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete, Pemba. Nakuandikia nimekaa barazani, mbele yangu jamvi la karafuu za mwanzo za msimu, na kila nikizigeuza roho inanambia hizi nazo zitamezwa na nyumba ya Ulaya.

Binti yangu wa pili, Mungu akipenda, anakwenda kusoma shahada ya uzamili Birmingham, Uingereza, mwisho wa mwezi wa tisa. Ada kapata ufadhili, lakini pa kulala na cha kula ni juu yetu. Viza hajaomba bado, tunakusanya vielelezo. Kahangaika wiki tatu kutafuta chumba mtandaoni, kila anachokiona ama bei haishikiki ama kimeshachukuliwa. Juzi akanijia mbio na simu mkononi: kapata fleti nzima, chumba, sebule, jiko na choo chake, paundi 650 kwa mwezi, karibu na chuo. Picha nzuri, wallahi, mimi mwenyewe nilizitamani.

Mwenye nyumba kwa maandishi ni mtu mwema kupita kiasi. Kila ujumbe anaanza kwa salamu, na binti anamwita dada yangu katika imani. Anasema yeye ni injinia, kazi imempeleka nje kwenye meli ya mafuta, kwa hivyo hawezi kumuonyesha mtu nyumba. Pesa zikifika atatuma funguo na mkataba kwa posta ya haraka mpaka hapa hapa Wete. Anataka dipoziti ya miezi miwili na kodi ya miezi sita mbele, jumla paundi 5,200. Kabla ya hapo alitaka paundi 150 za kuizuia nyumba isichukuliwe na mwengine. Hizo 150, Shangazi, tumeshazituma wiki iliyopita. Na picha ya pasipoti ya mtoto pia, maana alisema ni ya kuandikia mkataba.

Paundi 5,200 za kwetu ni zaidi ya milioni kumi na sita. Kiasi tunacho benki, na kilichopungua nimeamua kuuza mkufu wangu wa harusi. Sonara keshanipa bei. Baba watoto alifariki miaka sita nyuma, kwa hivyo uamuzi ni wangu peke yangu.

Lipo jengine, nalo ndilo linaloniumiza. Marehemu ana ndugu yake, ami yake huyu binti, yuko Coventry mwaka wa ishirini huu. Naambiwa si mbali na Birmingham. Lakini mimi na shemeji hatusemezani tangu ule mwaka wa kugawana mikarafuu ya baba yao. Yaliyosemwa siku ile yalisemwa mbele ya watu. Binti anataka kumpigia, nimemkataza. Sitaki mwanangu akalale ukumbini kwa watu halafu asimangwe kwa sahani ya wali.

Mwenye nyumba katupa mpaka Ijumaa. Nitume? Mbona kwetu kulipa miezi sita mbele ni jambo la kawaida, mwanangu mkubwa Unguja ndivyo alivyopanga kule Fuoni.

Mama mwenye wahka, Wete

Waalaykum salaam, bibie.

Usitume. Nimeanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu, na mkufu ukishayeyushwa haurudi. Sasa nipe sikio, tuzungumze taratibu.

Pamoja na barua umeniletea picha nne. Ile ya jiko nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Nyuma ya birika, ukutani, kuna soketi ya umeme: ya duara, imezama ndani, ina matundu mawili ya mviringo. Hebu inuka uangalie soketi ya kwenu hapo ukumbini. Matundu matatu bapa, sivyo? Plagi hiyo tuliachiwa na Waingereza, pamoja na mengine tusiyoyaomba, na wenyewe kwao mpaka leo wanatumia hiyo hiyo. Soketi ya duara ya matundu mawili utaikuta Ujerumani, utaikuta Uhispania, utaikuta Uturuki. Jikoni Birmingham huikuti. Huyo injinia wa melini kaokota picha za nyumba ya watu, kazibandika anwani ya mtaa wa Kiingereza, na sasa anawauzia.

Lakini tuseme picha zingekuwa safi. Bado ningekwambia usitume, na sababu iko katika mstari wako wa mwisho, ule wa mwanao wa Fuoni. Hapo ndipo wengi wetu tunapoingizwa mjini. Mtu wa huko huko Uingereza akiambiwa alipe miezi sita na dipoziti ya miezi miwili kwa nyumba asiyoiona, atashtuka. Sisi hatushtuki, kwa sababu ndivyo tulivyozoea: miezi sita mbele, pengine mwaka, na dalali achukue chake. Tapeli hakutubadilishia desturi, kaja nayo mlangoni. Ila mwanao alipopanga Fuoni alikwenda kwa miguu yake, akafungua bomba akaona maji yanatoka, akajua mwenye nyumba ni mtoto wa nani, na sheha wa shehia akajua nani kahamia. Ingetokea fitina, palikuwa na mlango wa kugonga. Huyu wenu mlango wake uko wapi? Baharini!

Huko Uingereza kinachomlinda mpangaji ni karatasi, wala si kujuana. Na karatasi zao, nakwambia kweli, ni kali kuliko zetu. Kuna sheria ya mwaka 2019 inayosema dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki paundi 50,000. Chukua 650 uzidishe kwa miezi 12, ugawe kwa wiki 52: kodi ya wiki ni paundi 150. Wiki tano ni 750. Yeye kataka 1,300. Mwenye nyumba wa kweli hawezi kuandika hivyo kwenye mkataba bila ya kujitia matatani. Sheria hiyo hiyo imekataza kumtoza mpangaji pesa ya kutazama nyumba na ya kuandikiwa mkataba. Na hiyo kodi ya miezi sita? Sheria nyengine ya 2025, ambayo kifungu chake hiki kinafanya kazi tangu 1 Mei 2026, imemzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele, na hata huo mmoja asiupokee kabla mkataba haujatiwa saini. Zamani wanafunzi wetu wakilipishwa miezi sita kwa kuwa hawana mdhamini wa huko. Jamaa kasoma kitabu cha zamani.

Kitu kimoja tu alichokitaja kinalingana na sheria, nacho ni zile 150 za kuizuia nyumba. Kodi ya wiki moja ndiyo kikomo cha pesa hiyo, na hesabu yake imetoka sawasawa. Ndiyo maana mlimuamini. Ndoano huwa na chambo cha kweli.

Ngoja niseme neno juu ya England peke yake, maana watu husema Uingereza kwa jumla. Haya ninayokuhadithia ni ya England, ambako Birmingham na Coventry ziko. Scotland wana sheria zao.

Kuna jambo jengine ambalo binti analijua lakini kwa pupa kalisahau. Viza bado. Pesa za kuonyesha kuwa ataweza kujikimu zinatakiwa zikae benki siku 28 mfululizo, zisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Mkizichota Ijumaa hii, hesabu ya siku inaanza upya, na mwezi wa tisa hausubiri. Kwa hivyo hata nyumba ingekuwa ya kweli, mngepata funguo mkakosa safari.

Na huyo bwana hakuuliza viza hata mara moja. Hilo peke yake lingetosha. England mwenye nyumba analazimika kuhakikisha mgeni ana ruhusa ya kupanga kabla hajampangisha. Binti akishapata viza ataingia kwenye akaunti yake ya viza, atatoa namba maalumu, atampa mwenye nyumba aiangalie mwenyewe kwenye mtandao wa serikali. Anayepuuza hilo anajiweka kwenye faini nzito. Huyu wenu alitaka picha ya pasipoti tu, na hiyo hakuitaka kwa mkataba. Yupo anayeweza kuitumia kumtapeli mwengine, akijifanya ni binti yako. Hamuwezi kuirudisha, lakini mnaweza kuacha alama: leo hii nendeni kituo cha polisi Wete mkaandikishe, mchukue namba ya ripoti, na binti akiandikie chuo barua pepe fupi awaeleze kilichotokea. Ujumbe wote wa yule bwana auhifadhi, asifute kitu. Halafu piga simu kwa walioituma ile 150, benki au wakala, uwaulize kama imeshachukuliwa. Ikiwa bado, inaweza kuzuiwa. Ikiwa imekwenda, bibie, imekwenda. Akiwaambia tumeni hamsini nyengine ndipo arudishe 150, mfungieni namba.

Sasa mtoto alale wapi. Kabla ya mitandao yote hiyo, aandike kwa ofisi ya malazi ya chuo. Vyuo vingi vya huko huwawekea nafasi wanafunzi wa kutoka nje katika mabweni yao, ila kuna tarehe ya mwisho ya kuomba, na ikipita inapita. Aulize pia kama chuo kina orodha ya nyumba za watu binafsi zilizokaguliwa. Na ashushe macho kidogo: fleti nzima karibu na chuo kwa bei ile si rahisi kuipata. Kwa pesa hiyo mara nyingi mtu hupata chumba katika nyumba ya kushirikiana, jiko moja wanafunzi wanne au watano. Atachukia friji la watu kama sisi sote tulivyolichukia, kisha atazoea.

Nafika kwa shemeji. Najua ndiko ulikotaka nisifike.

Coventry na Birmingham ni mwendo wa treni usiofika nusu saa. Yaani mtu wa damu ya mwanao anaweza kutoka kwake baada ya kazi, akasimama mbele ya mlango wa nyumba yoyote binti atakayoipata, akagonga, akaingia, akanusa. Nasema akanuse kwa makusudi. Picha haitoi harufu, na nyumba za huko maradhi yao ni ukungu: kuta zinatoka jasho wakati wa baridi, nyuma ya kabati panakuwa peusi. Mtu wa miaka ishirini huko ataijua harufu hiyo kabla hajavua viatu. Ataangalia vidirisha, ataangalia mashine ya kupasha nyumba joto, atadai cheti cha usalama wa gesi, ambacho mwenye nyumba anatakiwa akitoe upya kila mwaka. Kwa paundi saba tu atalipata jina la mwenye nyumba katika daftari la ardhi la serikali, halafu atamtazama anayejiita mwenye nyumba aone kama ndiye. Kazi hiyo hulipi kwa mkufu wala kwa karafuu.

Unaogopa masimango. Nakuelewa, na sikwambii mpelekee mtoto akakae kwake mwaka mzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huko jembe lenyewe ni bili ya umeme. Omba vitu viwili tu, na uvitaje kwa jina ili visitanuke: macho yake kwenda kuitazama nyumba, na wiki mbili za kufikia kwake mpaka binti apate chumba alichokiona kwa macho yake. Wiki mbili, tarehe mpaka tarehe. Binti aende na zawadi ya nyumba, achangie chakula tangu siku ya kwanza, asingoje kuambiwa.

La udhamini usilianze wewe. Mwenye nyumba akitaka mdhamini, ni kusema binti akikosa kulipa analipa ami. Mbaya zaidi, wanafunzi watano wakitia saini mkataba mmoja wa pamoja, mara nyingi kila mmoja anabeba deni la wenzake, na mdhamini naye analibeba. Shemeji anaweza kujikuta analipia chumba cha kijana asiyemjua aliyehama mwezi wa pili. Mikarafuu haikuwatosheni ugomvi? Kuna vyuo vinavyowadhamini wanafunzi wao wenyewe, binti aulize hilo kwanza. Ikibidi ami asimame, basi udhamini uandikwe kuwa ni wa sehemu ya binti peke yake.

Na yaliyosemwa mbele ya watu, bibie, sikuwepo, na simjui nani alianza. Ila nakuuliza: huyu binti anabeba jina la nani? La kwao. Akifika Birmingham, wiki ya kwanza tu atakutana na Mzanzibari, na Mzanzibari huyo atamuuliza wa nani, na siku ya pili Coventry watakuwa na habari. Ataipata kutoka kwako au ataipata mtaani. Akiipata mtaani ndipo atakapokuwa na neno la kukusimanga kweli.

Niseme na langu, kwa kuwa nami nimepanga huko. Nilifika Leeds 2009, chumba kina zulia la rangi ya maziwa, na karibu na dirisha zulia lina alama ya pasi, umbo lake kamili, ncha na mgongo. Mtu aliyenitangulia alinyoosha nguo chini. Dada mmoja wa Kimombasa aliyekuwa akikaa chumba cha pili akanambia piga picha kabla hujafungua begi, na uzitume kwa barua pepe kwa mwenye nyumba leo leo. Nikaona anajitia mjuzi. Nikapiga hata hivyo, mpaka godoro nililipiga. Mwaka ulipokwisha mwenye nyumba akataka kula dipoziti yangu yote kwa alama hiyo ya pasi. Ilinirudi hadi peni ya mwisho, kwa kuwa picha zilikuwa na tarehe, na kwa kuwa pesa haikuwa mfukoni mwake. Huko dipoziti inatakiwa iandikishwe ndani ya siku 30 katika mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali: Deposit Protection Service, MyDeposits, au Tenancy Deposit Scheme. Mkigombana mwishoni, wao wanaamua bure. Mwenye nyumba asipoiandikisha, mahakama inaweza kumlipisha mpaka mara tatu yake. Kwa hivyo siku binti atakapolipa dipoziti ya kweli, aandike tarehe, na ikipita mwezi hajapewa cheti cha mfuko, aulize kwa maandishi. Na pasi anyooshee mezani.

Atakuja pia kuletewa bili ya kodi ya halmashauri ya mji, yenye maneno makali. Asitetemeke: nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa kutwa watupu haidaiwi, ila lazima apeleke barua ya chuo kuthibitisha. Umeme, gesi na maji ni swali la kuuliza kabla ya saini, vimo ndani ya kodi au havimo. Mwezi wa kwanza wa baridi ndio utakaomfunza tofauti.

Mkufu urudishe kabatini. Sonara mwambie mashauri yamebadilika. Injinia msimjibu, hata kwa kumtukana, na najua binti atatamani.

Shemeji mpigie wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Anza na salamu na habari za watoto wake, ya shamba usiyaguse. Majira haya wako nyuma yetu saa mbili, kwa hivyo ukimpigia baada ya kusali isha atakuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.